Nguo za Noeli na Bei Mbili za Bugeshi

Tarafa ya Bugeshi iko kaskazini mwa mji wa Gisenyi, katika wilaya ya Rubavu nchini Rwanda, mahali ambapo mawe meusi ya volkano yanagombea nafasi na mashamba ya viazi, na baridi ya mlima Karisimbi haiishi. Ng'ambo ya mashamba hayo ni Kibumba, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mchana watu huvuka kwenye kituo cha Kabuhanga wakiwa na vitambulisho mkononi. Usiku huvuka wengine, kwa njia za vichakani, na mizigo mgongoni. Noeli inapokaribia, mzigo wenye soko la hakika ni nguo, kwa kuwa katika nyumba nyingi za huku mtoto asiyepata nguo ya sikukuu ameikosa sikukuu yenyewe.

Nchi nyingine hugombea vitu vya kuchezea. Desemba 1996 Wamarekani walikimbizana madukani wakitafuta Tickle Me Elmo, kikaragosi chekundu kinachocheka kikitekenywa. Dukani kiliuzwa chini ya dola 30. Waliowahi kukilangua walikiuza kwa mamia ya dola, na wapo waliodai zaidi ya 1,000. Huko Fredericton, Kanada, mfanyakazi wa duka alikanyagwa na umati akaumia. Uhaba ule ulitoka kiwandani: vikaragosi vilikuwa vichache kuliko watoto waliovitaka, na Krismasi haiahirishwi.

Bugeshi uhaba hutoka kwingine kabisa. Nguo zipo, tena tele, na aliko muuzaji hufikika kwa miguu. Kinachozifanya adimu ni mpaka.

Kabla ya mpaka huo biashara ilikuwapo, na faida pia. Mwanahistoria David Newbury ameeleza biashara ya kandokando ya Ziwa Kivu katika karne ya 19, na bidhaa inayovutia kuliko zote katika maelezo yake ni butega: vikuku vilivyosukwa kwa nyuzi za mimea na Watembo wa magharibi mwa ziwa, ambavyo wanawake walivivaa miguuni. Vilivuka ziwa vikabadilishwa kwa mbuzi na vyakula, hadi vikawa vinatumika kama fedha. Kadiri vilivyosogea mbali na vilikotengenezwa, ndivyo thamani ilivyopanda. Bugoyi, jina la zamani la eneo la Gisenyi, ilisifika kwa wachuuzi wake. Lakini mchuuzi wa butega alilipwa kwa kutembea kwake. Hakuwa na serikali ya kumpandishia bei.

Serikali zilikuja, na Noeli nayo ikaja, kwa kupishana miaka michache. Mwaka 1901 Mapadri Weupe walianzisha misheni ya Nyundo. Mwaka 1910 Ujerumani na Ubelgiji zilikubaliana mpaka upite kutoka ziwani, kati ya Gisenyi na Goma, kupitia kilima cha Hehu hadi kilele cha Karisimbi. Majirani waliokuwa wakibadilishana mbuzi na maharage wakajikuta raia wa tawala mbili, na tangu hapo kitu chochote kikaweza kuwa na bei mbili. Marais wa Rwanda, Burundi na Zaire walijaribu kulainisha mambo Septemba 1976 walipounda Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, CEPGL, na makao yake wakayaweka Gisenyi. Watu wakapata hati rahisi za kuvukia. Ushuru ulibaki ushuru.

Miaka hiyohiyo ndiyo Afrika Mashariki nzima ilijifunza ulanguzi kwa vitendo. Nchini Uganda, baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972, maduka yaligawiwa wanajeshi na marafiki zao. Sukari, chumvi na sabuni zikatoweka rafuni na kuibukia kwenye magendo. Baridi kali ilipoua mibuni ya Brazil mwaka 1975 na bei ya kahawa ikapaa duniani, kahawa ya Uganda ilimiminika Kenya kupitia soko la Chepkube, na kijiji kikageuka mji wa pesa kwa muda. Tanzania ilichelewa kidogo, kisha ikapiga kwa nguvu. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako dhidi ya wahujumu uchumi, na waliokuwa wameficha vitambaa, sabuni na mafuta wakavitupa usiku wasikutwe navyo. Mwaka huohuo Wamarekani walikuwa wakipigana vikumbo kwa ajili ya wanasesere wa Cabbage Patch Kids, na huko hakuna aliyetupa chochote. Uhaba wa Tanzania ulianza kupungua bajeti ya 1984 iliporuhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa walizipata wapi. Hilo linaeleza mengi zaidi kuliko mashtaka yote ya mwaka uliotangulia.

Mlanguzi wa Krismasi hasa, yule anayeijua tarehe na kuisubiri, wasomaji wa Dar es Salaam wanamjua kutoka kituo cha mabasi cha Ubungo. Kila Desemba watu wa Kilimanjaro walipoanza kurudi nyumbani, tiketi za Moshi na Arusha zilikwisha dirishani na kupatikana mikononi mwa vijana waliosimama hatua chache kutoka dirisha hilo. Kituo kilihamia Mbezi mwaka 2021. Vijana nao hawakupotea njia.

Rudi Rubavu. Machi 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba sokoni hatua kwa hatua ili viwanda vya nguo vya ndani vipumue. Wengi wao walilegea wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani walipolalamika kwa serikali yao. Rwanda haikulegea. Julai 2016 ilikuwa imekwisha kupandisha ushuru wa nguo za mitumba kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50. Marekani ilijibu Julai 2018 kwa kusimamisha nafuu ya AGOA, mpango wake wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, kwa nguo kutoka Rwanda. Kwa belo la kilo 45, ushuru wa Rwanda ulitoka dola 9 hadi 112.50. Kongo, ambayo wakati huo haikuwa mwanachama wa jumuiya, haikuhusika na makubaliano hayo. Goma iliendelea kufungua mabelo kama kawaida.

Hesabu hiyo ilifahamika Rubavu kabla wino haujakauka. Tofauti ya dola 103.50 kwa belo moja ni mtaji unaojitosha. Mwenye mali hupata mitumba Goma au vijiji vya jirani, belo hufunguliwa, nguo hugawanywa katika mafurushi yanayobebeka, na kila furushi hupata mgongo wake. Wabebaji, ambao Rubavu huwaita abacoracora, hupita usiku kwenye mashamba na mawe ya Bugeshi, Busasamana na Cyanzarwe. Wengine, hasa wanawake, hupita mchana kwenye kituo cha mpaka wakiwa wamevaa magauni matatu au manne moja juu ya jingine, wamenenepa kwa saa moja. Ujuzi huo haukuzaliwa na caguwa, kama mitumba inavyoitwa Rwanda. Sheria ya 2008 ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, mifuko ileile iliyotupwa hovyo Goma ikawa bidhaa ya kufichwa chini ya kitenge upande wa Gisenyi.

Katika mnyororo huu faida na hatari hazikai kwa mtu mmoja. Mwenye mali mara nyingi havuki kabisa. Mbebaji hulipwa kwa safari, na akikamatwa hupoteza mzigo usio wake na huenda akapoteza uhuru. Wapo waliopigwa risasi na doria za usiku katika wilaya hii, kwa kuwa njia ya caguwa ndiyo pia njia ya bangi, na eneo lenyewe limekuwa likipitiwa na makundi yenye silaha. Kwa gari, sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ni kali: gari hutaifishwa na dereva hutozwa faini inayoweza kufika dola 5,000. Ndiyo maana mgongo wa mtu bado unashinda lori. Kuupoteza ni nafuu zaidi, jambo la aibu ambalo wanunuzi wa Desemba hawalioni wanapochagua kigauni sokoni.

Mzazi anayechagua kigauni hicho ananunua nini hasa? Msimu wa kwanza wa kilimo huanza Septemba na mavuno yake huanza kutoka Desemba, kwa hiyo pesa na hamu hufika pamoja. Nguo mpya zinazoshonwa Kigali zipo, lakini wengi wa vijijini huona bei yake inawapita. Caguwa iliyolipiwa ushuru imepanda. Caguwa ya usiku iko katikati: ghali kuliko Kibumba, rahisi kuliko dukani. Anayeitwa mlanguzi na forodha, mlimani huonekana mtu aliyewapunguzia bei, na pande zote mbili zina ushahidi wao.

Vitu vya kuchezea, kwa upande wao, havijawahi kumtajirisha mtu hapa. Watoto hujitengenezea mpira wa majani makavu ya migomba na vibaiskeli vya mbao vinavyoiga chukudu, ile baiskeli ya mizigo isiyo na pedali iliyoenea Kivu Kaskazini tangu miaka ya 1970 na ambayo Rwanda huiita icugutu. Mti ni uleule pande zote mbili za mpaka, na hakuna ushuru wa kuutofautisha.

Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na kwenye karatasi bei mbili zilipaswa kuanza kusogeleana. Badala yake Juni mwaka huo uhusiano wa Kigali na Kinshasa uliharibika na saa za kuvuka zikapunguzwa. Kundi la waasi la M23 lilipoiteka Goma mwishoni mwa Januari 2025, benki za mji huo zilifunga milango, na bidhaa adimu kuliko zote ikawa pesa taslimu. Wakazi wa Goma walivuka hadi Gisenyi kutoa akiba zao. Walioshindwa kuvuka walikwenda kwa mawakala wa pesa za simu, ambao kamisheni yao ilipanda, na noti za faranga ya Kongo zilizochakaa zikaanza kukataliwa sokoni. Mgongo wa kubebea pesa hizo haukuhitajika. Simu ilitosha, na aliyekuwa na noti nzima mfukoni alijipangia bei yake.