Kiti cha Kuazima

Juni 2024 ndipo wengi wetu tuligundua kwamba sheria haipikwi ukumbini pale wabunge wanapopigiana kelele. Mswada wa Fedha ulikuwa umepitia Kamati ya Fedha kwanza. Huko ndiko maoni ya wananchi yalipokelewa, na vipengele vikachujwa, kabla ya ile kura ya 195 kwa 106. Lakini kuna swali hatukuuliza: hao waheshimiwa waliwekwa kwenye kamati na nani? Na nani anaweza kuwatoa?

Turudi 1975. Mwezi Machi, J.M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, aliuawa. Bunge likaunda kamati teule ya kuchunguza mauaji hayo, Elijah Mwangale akiwa mwenyekiti. Ripoti ilipofika ukumbini, serikali ilitaka izingatiwe tu, isikubaliwe. Wabunge wakaikubali, 62 kwa 59. Waziri Masinde Muliro na mawaziri wasaidizi Peter Kibisu na John Keen walipiga kura dhidi ya serikali. Mzee Kenyatta akawafuta kazi. Oktoba, Martin Shikuku na naibu spika Jean-Marie Seroney walikamatwa katika majengo ya Bunge na kuwekwa kizuizini bila kesi. Enzi hizo, kumnyamazisha mbunge kulihitaji polisi.

Siku hizi barua ya chama inatosha.

Kwenye karatasi, utaratibu ni wa haki. Kamati ya Uteuzi, inayoongozwa na kiongozi wa wengi, hupanga majina. Vyama hugawana nafasi kulingana na idadi ya wabunge wao, kisha Bunge linaidhinisha. Shida ni kwamba kanuni zinaruhusu chama kilichompa mbunge nafasi kimwondoe. Ni kweli, lazima asikizwe kwanza. Lakini anajitetea mbele ya walewale wanaotaka kumtoa.

Angalia kiti kimoja tu, cha mwenyekiti wa Kamati ya Bajeti. Mwaka 2020, Jubilee ilipokuwa ikiwaadhibu wafuasi wa William Ruto, Kimani Ichung'wah wa Kikuyu alikipoteza, kikaenda kwa Kanini Kega. Ruto akashinda urais 2022. Ichung'wah naye akawa kiongozi wa wengi, yaani sasa yeye ndiye anaongoza kupanga majina ya kamati. Machi 2025, Ndindi Nyoro wa Kiharu, aliyekuwa ameonekana kujitenga na wakubwa wa chama chake, akapoteza kiti kilekile. Samuel Atandi wa ODM akakikalia, siku chache tu baada ya ODM na UDA kutia saini makubaliano. Waliotolewa jana ndio wanatoa leo, na hakuna aliyeona haja ya kubadilisha kanuni.

Watetezi husema chama bila nidhamu ni genge. Sawa. Lakini kazi ya kamati ni kukagua pesa na mipango ya serikali. Kama chama cha serikali kinaweza kumng'oa mkaguzi wakati wowote, mkaguzi atauliza maswali magumu mara ngapi? Afadhali kumwondoa mjumbe kuhitaji kura ya siri ya Bunge zima.

Mpaka hapo, ukialikwa kutoa maoni mbele ya kamati, enda. Useme yako yote. Ila ujue wanaokusikiliza pia wanasikiliza simu kutoka kwa chama, na hiyo ndiyo inaweza kuwanyang'anya viti kabla ya 2027.