Nani Aliyeshika Kamera? Hakimiliki ya Picha za Nakivale katika Tovuti za Serikali

Utangulizi

Anayeandika historia ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale siku hizi aghalabu huanzia kwenye tovuti: ya Ofisi ya Waziri Mkuu inayoyasimamia makazi hayo, ya wilaya, ya hifadhi za nyaraka za Uingereza au ya mashirika ya Umoja wa Mataifa. Picha huonekana, hunakiliwa, hubandikwa katika tasnifu, na chini yake huandikwa "Chanzo: tovuti ya serikali". Mwandishi wa makala haya naye amefanya hivyo. Alizinduliwa na mzee mmoja wa Kabingo, wilayani Isingiro, aliyeonyeshwa picha iliyochapwa kutoka tovuti ya ofisi fulani ya umma. Mzee aliigeuza karatasi, akatafuta nyuma yake mhuri wa studio kama ilivyokuwa desturi ya picha za zamani, asiuone. Kisha akauliza: "Mwanangu, hii aliipiga nani?"

Hakuuliza ni mali ya nani. Makala haya yanashikilia kwamba swali lake ndilo linalotangulia hata kisheria. Picha haiwi mali ya serikali kwa kuwekwa katika tovuti ya serikali, wala haiwi huru kwa kuwa serikali imeiweka hadharani. Hali yake hutegemea aliyeshika kamera, aliyemwagiza, na mwaka picha ilipopigwa. Hayo ni maswali ya kihistoria kabla ya kuwa ya wanasheria.

Kamera ya dola

Nakivale ilifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950, ikawapokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko yaliyoanza mwaka 1959. Uganda ilikuwa bado chini ya Waingereza, na Sheria ya Hakimiliki ya Uingereza ya 1911 ilikuwa imeenea katika himaya yote. Sheria hiyo ilimhesabu mwenye negativu kuwa ndiye mtunzi wa picha, na ikampa ulinzi wa miaka 50 tangu negativu ilipotengenezwa. Kazi za serikali ziliwekewa kipimo kingine: miaka 50 tangu zilipochapishwa kwa mara ya kwanza. Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyoonekana. Picha ya afisa aliyekuwa kazini na picha ya mwenye studio wa mjini, hata kama zilipigwa siku moja mbele ya foleni moja ya wakimbizi, zilianza maisha mawili tofauti. Ile ya studio ilihesabiwa miaka tangu siku hiyo. Ya serikali, ikibaki kabatini bila kuchapishwa, haikuanza kuhesabiwa kabisa.

Na nyingi zilibaki kabatini. Mfano mkubwa tulio nao Uganda ni hazina ya Shirika la Utangazaji la Uganda (UBC): negativu zipatazo 70,000 zilizopigwa na wapiga picha wa Wizara ya Habari kuanzia miaka ya 1950 hadi ya 1980, ambazo zilijulikana upya mwaka 2015. Mwaka 2018 ilianza kazi ya kuzigeuza kuwa za kidijitali, na Mei 2019 baadhi yake zilionyeshwa katika Makumbusho ya Uganda jijini Kampala, katika maonyesho kuhusu enzi za Idi Amin. Wasimamizi wake walikuwa Nelson Abiti, Derek Peterson, Richard Vokes na Edgar Taylor. Mjadala mwingi ulihusu kile ambacho picha hizo hazionyeshi, yaani mateso na mauaji, na ulikuwa mjadala wa haki. Swali la wapiga picha wenyewe halikupata nafasi kama hiyo. Walikuwa waajiriwa, walipiga walichoagizwa, jina lililotajwa katika kichwa cha maonyesho ni la shirika.

Uganda ilitunga sheria yake ya hakimiliki mwaka 1964, na iliyofuata ni Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya 2006. Kifungu cha 8 cha sheria hii, kwa namba za mwaka huo, kinasema kwamba kazi iliyotungwa chini ya maelekezo au udhibiti wa Serikali, au wa chombo cha kimataifa kilichotajwa rasmi, hakimiliki yake ni ya Serikali au chombo hicho, isipokuwa pande zimekubaliana vingine. Kifungu cha 7 kinaorodhesha kazi zisizolindwa: sheria, hukumu za mahakama, ripoti za tume za uchunguzi, habari za siku. Picha hazimo. Wapo wanaojitetea kwa maneno "habari za siku". Kwa maoni yangu utetezi huo ni dhaifu, kwa kuwa habari ni tukio lenyewe, nayo picha ni kazi ya mtu.

Basi imani kwamba picha ya serikali ni ya bure imetoka wapi? Imetoka Marekani, ambako kazi ya mtumishi wa serikali kuu, aliyoifanya katika wajibu wake, haina hakimiliki nchini humo. Kanuni hiyo imesafiri kwa intaneti hadi Mbarara bila masharti yake. Uingereza haina kanuni kama hiyo: hakimiliki ya Taji ipo, na kinachoruhusu matumizi ni leseni huria ya serikali iliyoanza mwaka 2010, ambayo haigusi haki za watu wengine. Hifadhi ya Taifa ya Uingereza ilipoweka mtandaoni, mwaka 2011, picha za Afrika kutoka Wizara ya Makoloni, ilifungua mlango wa kutazama. Ruhusa ya kuchapisha picha moja moja ni jambo la kuulizwa peke yake.

Kamera isiyo ya dola

Mbarara haikungoja serikali ndipo ijipige picha. Musa Katuramu alikuwa akiwapiga picha watu wa Ankole tangu miaka ya 1930, na negativu zake zilihifadhiwa na familia hadi mradi wa History in Progress Uganda, ulioanzishwa mwaka 2011 na Andrea Stultiens na Rumanzi Canon, ulipozitoa hadharani. Kwa kipimo cha sheria ya 2006, haki za kiuchumi katika picha hudumu miaka 50 tangu ilipopigwa. Kwa hiyo picha za miaka ya 1950 zimekwisha muda. Lakini haki za kimaadili, kubwa kati yake ikiwa haki ya mtunzi kutajwa, hazina ukomo. Anayechapisha picha ya Katuramu bila jina lake anavunja sheria hata kama hadaiwi shilingi.

Hapa ndipo Nakivale inapogusa moyo wa jambo. Makazi hayo yana Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na wengine wanaosikilizana zaidi kwa Kiswahili, na kama penginepo pote wamo wanaoishi kwa kupiga picha za harusi, vitambulisho na mikutano. Tumfikirie mmoja aliyepiga sherehe kwa kamera yake bila kuagizwa na ofisi yoyote, kisha picha ikaonekana katika tovuti ya umma. Je, ukimbizi wake unampunguzia haki? Ibara ya 14 ya Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ambao Uganda iliuridhia mwaka 1976, inajibu: katika haki za kazi za fasihi, sanaa na sayansi, mkimbizi hulindwa katika nchi anamoishi sawasawa na raia wake. Mpiga picha huyo ana haki ile ile aliyonayo mwenye studio wa barabara kuu ya Mbarara. Kinachomkosesha ni jina lake kufutika pale picha inapopita simu tatu kabla ya kufika tovutini.

Kwa mtafiti, kazi huanza kwa majina ya mahali. Isingiro ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbarara hadi 2006, na kabla yake eneo lote lilikuwa Ankole. Atafutaye "Wilaya ya Isingiro" katika hifadhi za miaka ya 1960 atarudi mikono mitupu. Sheria inaruhusu matumizi ya haki kwa utafiti na ufundishaji, mradi mtunzi atajwe. Kuhusu ile picha ya Kabingo, niliiandikia ofisi husika mara mbili. Jibu lililokuja lilikuwa namba ya faili. Picha nimeiondoa katika maandishi yangu, na nakala nimemwachia mzee, ambaye anasema anamtambua mwanamke wa pili kutoka kushoto na anaendelea kumuulizia.