Kabureta Kubwa

Mjomba wangu alikuwa na Land Rover kuukuu ya petroli, yenye ile injini ya silinda nne iliyotoka mwaka 1958, ujazo wake sentimita za ujazo 2,286. Hapa Nyamongo, miaka mingi kabla ya mgodi mkubwa kuanza uzalishaji mwaka 2002, gari la namna hiyo lilikuwa la kila mtu. Lilibeba mahindi, wachimbaji wadogo, maharusi na maiti.

Injini hizo zilifungwa kwanza kabureta ya Solex, baadaye Zenith yenye mdomo wa milimita 36. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 fedha za kigeni zilikauka, na vipuri vikakauka pamoja nazo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 petroli ilikuwa adimu hata magari ya watu binafsi yakazuiwa kutembea Jumapili mchana. Ndipo Zenith ya mjomba ilipopinda na kuanza kuvuta hewa pembeni. Fundi akamletea kabureta ya lori la silinda sita.

“Mzee, hii inameza vizuri. Mlima utaupanda kwa gia ya tatu.”

Tulimwamini sote. Nani asiyejua kwamba mdomo mkubwa hula zaidi?

Kumbe injini huvuta hewa kwa kadiri ya tumbo lake. Ile ya mjomba, kwa kila mzunguko, huvuta nusu ya ujazo wake tu. Ikizunguka mara 4,000 kwa dakika haivuti zaidi ya lita 4,572 za hewa. Petroli nayo hunyonywa na kasi ya hewa hiyo inapopita kwenye koo jembamba la kabureta. Koo likiwa pana mno, hewa hupita polepole na petroli hudondoka matone badala ya kurushwa kama ukungu. Tena sisi tuko juu: Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, na Nyamongo imelipita. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, kwa hiyo jeti ya lori ilizidi kumwaga.

Usiku mmoja wa masika shemeji yangu, mke wa kaka, alishikwa na uchungu. Tulikuwa tunaelekea Tarime. Mlimani gari likakohoa, likatoa moshi mweusi, likazima. Tulifungua plagi, zote zimelowa. Tukazifuta kwa kanga, tukawasha, likazima tena. Mtoto alizaliwa pale pale kwenye kiti cha nyuma, mikononi mwa bibi, kwa mwanga wa kurunzi. Mungu alisaidia, wote wawili walipona.

Mjomba hakumgombeza fundi. Aliuza dume moja, akavuka Sirari, akarudi na Zenith ya 36 iliyokwisha tumika. Gari likaupanda mlima ule kwa gia ya pili, kama zamani.