Kisutu cha Harusi: Nani Alikitengeneza?

Mjadala wowote wa asili ya leso siku hizi haukawii kufika Uholanzi. Utaambiwa kwamba nguo tunayoiita yetu ilibuniwa Ulaya, ikapakiwa melini, nasi tukaipokea na kuivaa tu. Dai hili limepata nguvu kutokana na utafiti wa MacKenzie Moon Ryan, aliyepekua kumbukumbu za sampuli za kiwanda kinachojulikana leo kama Vlisco, mjini Helmond. Humo mna miundo iliyochapwa kwa ajili ya Afrika Mashariki tangu 1876, na kufikia 1886 ilikuwa imekwisha kuwapo nguo yenye pindo pande zote nne na mji katikati. Ushahidi huo ni mzito, na Ryan mwenyewe anausoma kwa uangalifu: kwake leso ni zao la mabara kadhaa. Wanaoupotosha ni wale waliobakiza Helmond peke yake na kuiacha Pwani nje.

Nalijibu dai lao kwa kisutu, kwa sababu hiki ndicho kipimo kigumu zaidi. Leso nyingine huja na kupita kila msimu. Kisutu kimedumu: nyeusi, nyekundu na nyeupe, na visanduku vidogovidogo vilivyojipanga mji mzima. Mara nyingi hakina hata jina, yaani yale maneno yanayochapwa kwenye leso. Kuanzia Likoni hadi Vanga, kinapotajwa kila mtu hujua kuna harusi. Nguo ya namna hii haidumu kwa sababu mwenye kiwanda ameipenda.

Ya kale nitayapitia kwa haraka, maana wengi wanayajua. Mwanaakiolojia Neville Chittick alipochimba Kilwa alipata vigae vilivyotobolewa katikati, vya kutia kwenye kijiti cha kusokotea uzi. Mwanzoni mwa karne ya 16, Mreno Duarte Barbosa aliandika kwamba watu wa Sofala walichukua nguo za buluu za Kambaya, wakazifumua, kisha wakaufuma upya uzi wake pamoja na uzi wao mweupe. Hapo pana somo lote: nguo ya mgeni ilipofika, haikuachwa ilivyokuja. Ikafuata merikani, nguo ya pamba kutoka Salem, ambayo Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, viliifungia njia, na Bombay na Manchester zikachukua nafasi. Mwanahistoria Jeremy Prestholdt ameonyesha kwamba hata wakati huo wenye viwanda ndio waliofuata matakwa ya wanunuzi wa huku. Nguo isiyopendwa ilibaki dukani.

Tufike sasa kwenye miaka ya 1870 na 1880, kwani hapo ndipo mambo yalipoamuliwa. Leso za wakati huo zilikuwa vitambaa vya mraba vilivyochapwa mfululizo katika jora, na muuzaji alikata idadi uliyotaka. Wanawake wa Pwani walinunua sita, wakavigawa vitatu kwa vitatu, kisha wakaziunga safu mbili kwa sindano hadi wakapata shuka pana. Wako wanaoipuuza habari hii kama hadithi ya vibarazani. Mimi naipa uzito mkubwa. Mchoro wa 1886 wenye pindo na mji ni mchoro wa nguo ya mwili mzima, yenye upana wa kujifunga na kujitanda, na upana huo ulikwisha kupatikana kwa mshono kabla kiwanda hakijauchapa. Sindano ilitangulia, mashine ikafuata.

Simulizi jingine humpa sifa mfanyabiashara mmoja wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, ambaye leso zake ziliandikwa “Mali ya Abdulla”. Duka lake ni la 1887. Kwa tarehe hiyo pekee, suala la yeye kuibuni leso limekwisha. Mwenye kustahili kusikilizwa zaidi ni mwanahistoria Laura Fair, anayeeleza jinsi wanawake waliotoka utumwani Unguja walivyoacha kaniki na merikani na kuvaa nguo za rangi ili waonekane ni watu huru. Biashara ya watumwa ilipita pia katika bandari zetu za kusini, na sheria ya kufuta utumwa kwenye mwambao wa Kenya ilikuja 1907 tu. Bibi aliyetoka utumwani akanunua kisutu cha kumwoza bintiye alikuwa akitangaza kwamba mtoto huyu ana wazazi, ana ukoo, na ana haki ya kuolewa kwa heshima.

Chanzo kinachosahauliwa mno katika mzozo huu ni cha Kiswahili: *Desturi za Wasuaheli*, kilichochapishwa Göttingen mwaka 1903, na ambacho sehemu yake kubwa iliandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Soma anavyoeleza harusi, uone jinsi ndoa ilivyofungwa kwa nguo: baba wa binti ana kilemba chake, mama ana mkaja, ile nguo ya kujifunga tumboni baada ya uzazi. Penye mpango kama huo, nguo mpya haingii kama pambo tu. Lazima ipewe kazi, na watoaji wa kazi hiyo ni akina mama na masomo, yaani wanawake wanaomfunda bibi harusi.

Kwale, kusini mwa Pwani ya Kenya, inaongeza jambo ambalo Unguja haina. Wanawake wa Kidigo walikuwa na hando, sketi ya nguo nyeupe yenye marinda mengi, kazi inayotaka mkono mzoefu na subira. Mwanahistoria David Sperling amefuatilia jinsi Uislamu ulivyoenea miongoni mwa Wadigo katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Naamini kisutu kilikwenda pamoja na Uislamu huo, kupitia ndoa na ujirani na Wavumba wa Vanga na Wasini, kikapokewa na mikono iliyokwisha kujua kukata, kukunja na kushona. Wanaosema Mdigo aliiga tu mavazi ya mjini hawajalitazama rinda la hando kwa karibu.

Kazi hiyo ya mikono haijaisha. Doti, yaani jozi ya leso, bado huuzwa ikiwa kipande kimoja. Lazima ikatwe na ipindwe, na kwa harusi ya nyumbani upinde wa mkono una thamani yake, kama yalivyo matamvua ya kikoi cha bwana harusi yanayosokotwa uzi kwa uzi. Kiwanda huleta kitambaa. Mpaka kikatwe, kipindwe, kifukizwe udi na kitiwe sandukuni, hakijawa kisutu cha harusi.

Kwa hiyo atakayeandika historia ya nguo hii aanzie Msambweni, Gazi na Vanga, kwa wanawake wazee wanaopinda leso, awaandike majina yao kwa ridhaa yao na awaulize walifundishwa na nani. Vitabu vya Helmond vimehifadhiwa vizuri na vitamsubiri. Wazee hawa hawana muda huo.