Deni la Mwaka 1975: Gisenyi na Safari ya Mikataba ya Haki

Tarehe 16 Aprili 1975, Rwanda ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Kuzuia na Kuadhibu Mauaji ya Kimbari, uliopitishwa mwaka 1948. Mwaka uliofuata, tarehe 20 Septemba 1976, Juvénal Habyarimana wa Rwanda, Mobutu Sese Seko wa Zaire na Michel Micombero wa Burundi walikutana Gisenyi, kando ya Ziwa Kivu, wakatia saini mkataba wa Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, CEPGL. Jumuiya hiyo iliahidi usalama, biashara na urahisi wa watu kuvuka mipaka, na makao yake makuu yakawekwa Gisenyi. Kwenye karatasi, mji huo mdogo wa mpakani ulikuwa umezungukwa na ahadi nzuri.

Waswahili husema ahadi ni deni. Lakini deni huhitaji mtu wa kulidai na mahali pa kulidai. Kifungu cha 5 cha Mkataba wa 1948 kinazitaka nchi zitunge sheria zenye adhabu dhidi ya mauaji ya kimbari. Rwanda haikutunga. Aidha, ilipojiunga ilikataa kufungwa na kifungu cha 9, kinachoruhusu nchi kufikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki kuhusu mkataba huo. Kwa hiyo kosa lilitajwa, ila hapakuwa na hakimu wa kulihukumu, ndani wala nje.

Pengo hilo lilionekana mapema katika mkoa wa Gisenyi kuliko kwingineko. Oktoba 1990, siku chache baada ya waasi wa RPF kuanza vita, Watutsi zaidi ya 300 waliuawa katika komini ya Kibilira. Mwanzoni mwa 1991 ikawa zamu ya Wabagogwe, wafugaji wa Kitutsi wa nyanda za juu za Gisenyi na Ruhengeri. Januari 1993 ilifika tume ya wataalamu kumi kutoka nchi nane, iliyoundwa na mashirika ya haki za binadamu. Ilifukua makaburi, ikahoji mashahidi na kuonyesha mkono wa viongozi wa serikali katika mauaji hayo. Ilipoondoka tu, ghasia zikazuka tena kaskazini magharibi na watu wapatao 300 wakapoteza maisha. Agosti mwaka huo, Bacre Waly Ndiaye, mtaalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa, alieleza katika ripoti yake kwamba yaliyotokea huenda yakaangukia ndani ya tafsiri ya Mkataba wa 1948. Mwezi huohuo Mkataba wa Amani wa Arusha ulitiwa saini, ukiwa na itifaki nzima kuhusu utawala wa sheria.

Jaribio moja la kudai deni kwa njia ya sheria za nchi lilifanyika mapema zaidi, na linastahili kukumbukwa. Tarehe 22 Novemba 1992, huko Kabaya, katika mkoa huohuo wa Gisenyi, Léon Mugesera, kiongozi wa chama tawala cha MRND, alihutubia mkutano wa hadhara. Aliwaambia wasikilizaji kwamba Watutsi wangerudishwa Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo, na kila aliyekuwepo alijua mto hurudisha watu wa namna gani. Vyombo vya sheria vikatoa hati ya kumkamata. Mugesera akatoroka, akapitia Uhispania, na Agosti 1993 akapokelewa Kanada pamoja na familia yake. Hati ilikuwepo, uwezo wa kuitekeleza haukuwepo.

Kilichofuata mwaka 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, kinajulikana. Mjini Gisenyi, Watutsi walipelekwa kwenye makaburi yaliyokuja kuitwa Commune Rouge, wakauawa na kutupwa kwenye mashimo. Rwanda wakati huo ilikuwa na kiti katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, na mjumbe wa serikali iliyokuwa ikiua alikaa mezani pamoja na waliotakiwa kuizuia. Serikali hiyo ilimalizia siku zake Gisenyi, kabla ya RPF kuuteka mji katikati ya Julai na viongozi wa serikali hiyo kuvukia Goma, nchini Zaire.

Baada ya hapo sheria ikaanza kwenda mbio kufidia miaka iliyopotea. Tarehe 8 Novemba 1994 Baraza la Usalama liliunda mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha. Ajabu ni kwamba serikali mpya ya Kigali, ambayo ndiyo iliyoiomba, ilipiga kura ya kuikataa. Miongoni mwa sababu zake ni kwamba mahakama hiyo haikuwa na adhabu ya kifo. Sheria ya Rwanda yenyewe ya kuadhibu mauaji ya kimbari ilitoka tarehe 30 Agosti 1996, miaka 21 baada ya nchi kujiunga na Mkataba.

Gisenyi ilifika Arusha kwa majina mengi. Omar Serushago, kiongozi wa wanamgambo wa Interahamwe mjini humo, alikiri makosa na Februari 1999 akahukumiwa miaka 15. Hassan Ngeze, mwenyeji wa Gisenyi na mhariri wa gazeti la Kangura, alitiwa hatiani Desemba 2003 katika kesi ya vyombo vya habari, ambamo mahakama ilipima mahali uhuru wa kusema unapokoma na uchochezi unapoanza. Rufaa ilipunguza kifungo chake cha maisha hadi miaka 35.

Mshtakiwa mwenzake, Jean-Bosco Barayagwiza, mzaliwa wa Mutura, alileta mtihani mgumu zaidi. Novemba 1999 majaji wa rufaa waliamuru aachiwe kwa sababu alikaa kizuizini Kamerun muda mrefu mno bila haki zake kuheshimiwa. Kigali ilikasirika, ikasitisha ushirikiano wake na mahakama. Machi 2000 majaji wakabadili uamuzi: kesi iendelee, ila akipatikana na hatia apunguziwe adhabu. Na ndivyo ilivyokuwa. Hapo manusura wengi waliumia, lakini haki ya mtuhumiwa ilipewa uzito hata pale ambapo kosa lilikuwa zito kupita yote.

Nyumbani, mahakama za kijamii za gacaca zilisikiliza kesi karibu milioni mbili hadi zilipofungwa Juni 2012. Wataalamu wa sheria walizilaumu kwa kutokuwa na mawakili. Watetezi wake waliuliza ni mahakama gani ya kawaida ingemaliza mzigo huo. Mwaka 1998 serikali ilikuwa imewapiga risasi hadharani watu 22 waliohukumiwa kifo. Miaka tisa baadaye, Julai 2007, iliifuta adhabu hiyo kabisa, maana bila hivyo hakuna mahakama ya kimataifa wala nchi ya Ulaya ambayo ingekubali kuiletea watuhumiwa. Haja ya kupokea kesi ilifanya kazi ambayo hotuba za miaka mingi hazikuifanya.

Ndipo hati ya Kabaya ikapata miguu. Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua Juni 2005 kwamba hotuba ya Mugesera ilikuwa uchochezi wa mauaji ya kimbari. Mawakili wake waliendelea kupinga kwa hofu ya mateso, na kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba dhidi ya mateso ikaiomba Kanada isubiri. Kanada haikusubiri, ilimrudisha Januari 2012. Aprili 2016 Mahakama Kuu ya Rwanda ilimhukumu kifungo cha maisha. Februari 2017 naye akapeleka malalamiko yake kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo Novemba 2020 iliona kwamba baadhi ya haki zake zilikiukwa.

Rwanda haikushiriki katika kesi hiyo. Mwaka 2013 ilikuwa imetoa tamko la kuruhusu watu binafsi na mashirika kuishtaki moja kwa moja katika mahakama hiyo, lakini Februari 2016 ilitangaza kuliondoa, hatua iliyoanza kutumika Machi 2017, ikisema mlango huo ulikuwa ukitumiwa na waliohukumiwa kwa mauaji ya kimbari. Wakati huo mwanasiasa wa upinzani, Victoire Ingabire, alikuwa na kesi mbele ya majaji haohao. Novemba 2017 walimpa ushindi kuhusu uhuru wake wa kujieleza. Sheria ya itikadi ya mauaji ya kimbari, iliyotungwa 2008 kwa kumbukumbu ya Kangura na Kabaya, imerekebishwa mara mbili, 2013 na 2018, na bado mashirika ya haki za binadamu hulalamika kwamba maneno yake ni mapana, yanaweza kumnasa mkosoaji wa kawaida.

Mlango wa tamko hilo ulifungwa kwa watu binafsi na mashirika peke yao. Nchi kwa nchi, njia ipo wazi: Kongo iliishtaki Rwanda katika mahakama hiyohiyo kwa madai ya ukiukaji wa haki mashariki ya Kongo, na Juni 2025 majaji wakaamua kwamba wana mamlaka ya kuisikiliza kesi, ingawa Rwanda inakanusha madai hayo. Mkazi wa Rubavu, wilaya ambamo Gisenyi imo leo, amebakiwa na mahakama nyingine Arusha, ile ya Afrika Mashariki, ambako mkazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza kushtaki bila serikali yake kutoa tamko. Mwaka 2011 mahakama hiyo iliona kwamba Rwanda ilikiuka mkataba wa Jumuiya hiyo kwa kumweka kizuizini ofisa wa jeshi kwa miezi kadhaa bila kumshtaki. Masharti yake ni makali: malalamiko yafike ndani ya miezi miwili. Mkazi wa Rubavu anayetaka kudai haki yake hana budi kuujua muda huo.