Creative: Kampuni ya Singapore iliyoipa kompyuta sauti

KOMPYUTA ya kibinafsi ya IBM ilipozinduliwa nchini Marekani mnamo Agosti 1981, ilikuwa mithili ya bubu. Kipaza sauti kidogo kilichofichwa ndani yake kilikuwa na uwezo wa kutoa mlio mmoja tu kwa wakati, mlio uliokusudiwa kumtahadharisha mtumiaji kwamba amekosea.

Mwezi mmoja kabla ya hapo, Julai 1981, vijana wawili waliosoma pamoja katika chuo cha kiufundi cha Ngee Ann walikuwa wameanzisha kampuni ndogo nchini Singapore. Vijana hao, Sim Wong Hoo na Ng Kai Wa, waliiita Creative Technology.

Katika miaka iliyofuata, kampuni hiyo iliibuka kuwa mtengenezaji mkuu wa kadi za sauti duniani, na jina la bidhaa yake, Sound Blaster, likawa kipimo ambacho kadi nyingine zote zililinganishwa nacho. Historia yake inaonyesha jinsi taifa dogo lisilo na maliasili linavyoweza kuliteka soko la dunia, na jinsi soko hilo linavyoweza kuponyoka.

KADI YA SAUTI HUFANYA NINI?

Kompyuta hufahamu tarakimu pekee, ilhali sauti ni mtikisiko wa hewa. Kadi ya sauti ni mkalimani baina ya pande hizo mbili.

Mtu anapozungumza kwenye maikrofoni, kadi huupima mtikisiko huo maelfu ya mara kila sekunde na kuandika kila kipimo kama tarakimu. Sauti inapochezwa, tarakimu hizo hugeuzwa kuwa umeme unaokitikisa kipaza sauti, nasi tukasikia.

Kadi za awali zilikuwa pia na chipu ya kuunda muziki. Badala ya kuhifadhi wimbo mzima, jambo ambalo lingemaliza nafasi yote kwenye diski za enzi hizo, kompyuta iliiagiza chipu noti za kupiga, nayo ikaiga ala kwa kuchanganya mawimbi ya sauti.

BIDHAA ZA MWANZO

Sim, aliyezaliwa mwaka 1955, alikulia katika familia ya kijijini yenye watoto wengi. Tangu ujana alipenda kupiga kinanda cha mdomo, na mapenzi hayo ya muziki ndiyo yaliyouongoza mwelekeo wa kampuni yake.

Creative ilianza kama duka dogo la kutengeneza kompyuta. Mnamo 1986 ilitoa kompyuta yake yenyewe, Cubic CT, iliyosifiwa kwa picha za rangi na uwezo wa kutamka maneno ya Kichina. Hata hivyo, wanunuzi hawakujitokeza.

Waasisi hao hawakukata tamaa. Walichopoa sehemu iliyowavutia zaidi katika mashine hiyo, yaani sauti, na mwaka 1987 wakatoa kadi ya muziki yenye sauti 12. Mwaka 1988 Sim alihamia Marekani, akiwa ameapa kutorejea nyumbani kabla ya kuuza kadi 20,000. Huko kadi hiyo iliuzwa kwa jina la Game Blaster.

Tatizo lilikuwa kwamba soko tayari lilikuwa na mwenyewe. Mnamo 1987 kampuni ya Ad Lib ya jimbo la Quebec, Canada, iliyoasisiwa na Martin Prevel, aliyekuwa profesa wa muziki katika Chuo Kikuu cha Laval, ilikuwa imetoa kadi yake iliyotumia chipu ya Yamaha ya Japani.

Waandishi wa michezo ya kompyuta, ikiwemo kampuni ya Sierra On-Line, waliandika muziki wao kwa ajili ya Ad Lib. Kadi isiyofahamu lugha hiyo, hata ingekuwa bora kiasi gani, ilibaki kimya mchezo ulipoanza.

SIRI YA SOUND BLASTER

Creative ilijifunza somo hilo kwa haraka. Chipu ya Yamaha haikuwa mali ya Ad Lib; mtengenezaji yeyote angeweza kuinunua. Mnamo 1989 Creative iliipachika kwenye kadi mpya, Sound Blaster, na papo hapo kila mchezo ulioandikwa kwa ajili ya Ad Lib ukawa unafanya kazi kwenye kadi ya Creative.

Kisha iliongeza mambo mawili ambayo mpinzani wake hakuwa nayo. La kwanza ni uwezo wa kurekodi na kucheza sauti halisi, kama vile usemi wa binadamu au mlio wa bunduki, kwa kipimo kisichozidi takriban mara 23,000 kwa sekunde.

La pili lilikuwa tundu la kuunganishia kijiti cha kuchezea michezo. Wakati huo wanunuzi wengi walilazimika kununua kadi nyingine kwa ajili ya kijiti hicho. Aliyenunua Sound Blaster alipata vyote kwa pamoja, na nafasi moja ndani ya kompyuta yake ikabaki wazi.

Mambo yalienda mbio kutoka hapo. Sound Blaster Pro ya 1991 ilileta sauti ya pande mbili, kushoto na kulia. Sound Blaster 16 ya 1992 ilifikia ubora wa diski za muziki, yaani vipimo 44,100 kila sekunde. Mwaka huo huo Ad Lib ilifilisika.

Ni katika mwaka huo pia ambapo Creative ilisajiliwa katika soko la hisa la Nasdaq nchini Marekani, ikiwa kampuni ya kwanza kutoka Singapore kufanya hivyo. Mnamo 1993 iliinunua E-mu Systems ya California, kampuni iliyoheshimika miongoni mwa wanamuziki. Matunda yake yalionekana mwaka uliofuata katika kadi ya AWE32, iliyotumia sauti zilizorekodiwa kutoka ala halisi badala ya kuziiga.

Hata hivyo, njia haikuwa tambarare. Katikati ya miaka ya tisini kampuni ilijitosa katika biashara ya viendeshi vya diski za CD. Bei ya vifaa hivyo iliporomoka upesi, na Creative ikaambulia hasara kubwa.

FAHALI WAWILI MAHAKAMANI

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Mwishoni mwa miaka ya tisini, kampuni ya Aureal ya California ilizindua A3D, teknolojia iliyomwezesha mchezaji kutambua kwa masikio tu iwapo adui yuko nyuma yake, juu au kando. Wachambuzi wengi waliisifu kuliko ile ya Creative, iliyojulikana kama EAX.

Mwaka 1998 Creative iliishtaki Aureal kwa madai ya kukiuka hataza. Aureal ilishinda kesi hiyo mnamo Desemba 1999. Lakini ushindi huo ulikuwa shubiri, kwani gharama za mawakili ziliichosha kampuni hiyo changa hadi ikafilisika mwaka 2000. Mali yake ilinunuliwa na Creative yenyewe kwa dola milioni 32 za Marekani.

Hapo ndipo lilipo doa katika historia ya kampuni hii. Iliyeyusha ngome ya Ad Lib kwa kutengeneza bidhaa bora. Lakini dhidi ya Aureal, aliyeshindwa kortini ndiye aliyesalia na mali ya mshindi. Kwa mnunuzi, matokeo yake yalikuwa kupungua kwa ushindani katika soko ambalo tayari lilikuwa na wachezaji wachache.

Teknolojia ya hataza iliinufaisha Creative kwingineko. Mwaka 2000 ilikuwa imetoa Nomad Jukebox, kifaa cha kuchezea muziki chenye diski ya gigabaiti 6, mwaka mmoja kabla ya iPod ya Apple. iPod ndiyo iliyolitwaa soko, lakini Creative ilipewa hataza ya namna ya kupanga nyimbo kwenye vifaa hivyo. Mnamo Agosti 2006 Apple ilikubali kulipa dola milioni 100 ili kumaliza mzozo huo.

SOKO LAYEYUKA

Nguvu ya Sound Blaster ilitokana na jambo moja: kila mchezo ulizungumza na kadi moja kwa moja, hivyo kadi iliyojulikana zaidi ndiyo iliyonunuliwa. Programu ya Windows 95 ilibadilisha utaratibu huo. Michezo ikaanza kuzungumza na Windows, na Windows ikazungumza na kadi yoyote iliyokuwepo. Lugha ya Sound Blaster haikuwa tena ya lazima.

Pigo la pili lilitoka kwa Intel, iliyotangaza mwaka 1997 kanuni za kuiweka chipu ya sauti kwenye ubao mkuu wa kompyuta. Sauti hiyo ilikuwa hafifu mwanzoni, lakini ilikuja pamoja na kompyuta bila mnunuzi kutozwa pesa za ziada. Ilipoimarika, watu wengi hawakuona sababu ya kununua kadi ya pembeni.

Creative ilijibu kwa kutengeneza chipu zenye nguvu zaidi, ikiwemo X-Fi ya 2005 iliyokuwa na transista milioni 51. Lakini Windows Vista ilipoingia sokoni mwaka 2007, iliondoa njia ambayo michezo mingi ilitumia kuifikia nguvu hiyo. Katika mwaka huo, Creative ilijiondoa Nasdaq na kubakia katika soko la hisa la Singapore.

Mnamo Machi 2008 iliwaudhi wateja wake yenyewe. Mwanaprogramu mmoja wa Brazil alikuwa amerekebisha programu endeshi za kadi hizo ili zifanye kazi vyema kwenye Vista, naye akaonywa na kampuni akome. Wateja walipandwa na hasira, wakihoji kwa nini mtu wa nje aadhibiwe kwa kukarabati kile ambacho mwenye mali hakukikarabati. Kampuni ililegeza msimamo baadaye, lakini imani ya wengi ilikuwa imetikisika.

URITHI WA SIM

Sim Wong Hoo alifariki Januari 4, 2023, akiwa na umri wa miaka 67. Nchini kwao anakumbukwa pia kwa fikra zake. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1999, alieleza kwamba dereva wa Singapore hathubutu kugeuza gari barabarani pasipokuwa na alama inayomruhusu, ilhali kwingineko dereva hugeuza mradi hakuna alama inayomkataza. Alihofia kwamba raia wanaosubiri ruhusa kwa kila jambo hawawezi kuvumbua chochote.

Creative ingali hai, ikiuza spika, vifaa vya masikioni na kadi kwa wapenzi wa sauti safi. Mnamo 2019, Sound Blaster ilipotimiza miaka 30, kampuni ilitangaza kuwa imeuza zaidi ya vifaa milioni 400 vyenye jina hilo.

Leo karibu kila kompyuta na simu huzungumza, huimba na kusikiliza bila mtu kujiuliza uwezo huo ulitoka wapi. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ya kuunda ilianzia katika duka dogo la ukarabati nchini Singapore.