Mkimbiaji na mkimbizi: historia ya mbio fupi za sikukuu

Katika Kiswahili neno ni moja tu: kukimbia. Mtoto anayeshindana na wenzake kwenye uwanja wa masomo anakimbia. Mama aliyetoka Eringeti au Oicha usiku, godoro kichwani na mtoto mgongoni, naye anakimbia. Wa kwanza huitwa mkimbiaji, wa pili mkimbizi. Tangu mauaji yalipoanza katika eneo la Beni mwezi wa Oktoba 2014, watu wengi wa huku wamelijua neno hilo kwa upande wake wa pili zaidi kuliko wa kwanza.

Pengine hiyo ndiyo sababu baadhi ya watu hushangaa wakisikia kwamba katika nchi nyingine siku ya Noeli au Bonane watu huamka asubuhi, wakavaa viatu na kukimbia barabarani bila mtu yeyote kuwafukuza. Wengi wao si wachezaji wa kulipwa. Ni walimu, wachuuzi, mafundi, wanafunzi, wazee. Wanakimbia kilometa 5, 8, 10 au 15, kisha wanarudi nyumbani kula na jamaa. Desturi hiyo imepita miaka 100, na watu wa Afrika ya Mashariki wana sehemu kubwa ndani yake.

Watu sita wa Buffalo

Moja ya mbio za zamani kabisa za namna hiyo ilianzia Buffalo, mji wa Marekani ulio karibu na mpaka wa Kanada. Ilikuwa mwaka wa 1896, katika sikukuu yao ya kushukuru kwa mavuno. Chama cha vijana cha YMCA kiliandaa mbio za kilometa 8 hivi kwenye barabara za udongo. Waliosimama kwenye mstari walikuwa watu sita tu, na wanne ndio waliofika mwisho. Inasimuliwa kwamba mmoja wa walioacha njiani alishindwa kwa sababu chakula cha asubuhi, alichokula kwa kuchelewa, kilikataa kutulia tumboni.

Kisa hicho kinachekesha, lakini kinaeleza vizuri mbio hizi ni za nani. Bingwa hasahau saa ya kula. Anayesahau ni mtu wa kawaida, aliyeingia kwa sababu ni sikukuu na rafiki zake wanaingia. Mbio hizo za Buffalo zinaendelea hata leo, na sasa zinakusanya watu zaidi ya 10,000. Zilitangulia hata mbio ndefu za Boston, zilizoanza mwezi wa Aprili 1897.

Usiku wa Mtakatifu Silvesta

Waumini wa dayosisi ya Butembo-Beni wanajua kwamba tarehe 31 Desemba ni siku ya Mtakatifu Silvesta, papa aliyefariki mwaka wa 335. Jina lake ndilo lililobebwa na mbio maarufu kuliko zote za sikukuu, zile za São Paulo, nchini Brazil.

Aliyezianzisha alikuwa mtu wa habari. Cásper Líbero, mwenye gazeti la A Gazeta, alikuwa ameona Paris watu wakikimbia usiku na mienge mikononi. Akaona mji wake nao unaweza kuuaga mwaka kwa namna hiyo. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1925 mbio za kwanza zikafanyika. Mshindi alikuwa Alfredo Gomes, Mbrazil mweusi aliyekuwa amekimbia katika Michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka wa 1924.

Mwanzoni zilikuwa za Wabrazil peke yao. Mwaka wa 1945 mlango ulifunguliwa kwa wageni wa nchi jirani, na baadaye kwa dunia nzima. Mwaka wa 1953 alishinda Emil Zátopek wa Chekoslovakia, aliyekuwa ametwaa medali tatu za dhahabu katika Olimpiki ya mwaka uliotangulia. Wanawake walingoja muda mrefu zaidi: walikubaliwa mwaka wa 1975 tu, nusu karne baada ya mbio za kwanza. Walipoingia hawakutoka tena. Rosa Mota wa Ureno alishinda mara sita mfululizo, kuanzia 1981 hadi 1986.

Jambo moja lingewagusa wakaaji wa miji yetu, ambayo imejua amri za kutotembea usiku. Mbio za São Paulo zilikuwa za usiku kwa miaka mingi, watu wakikimbia huku mwaka unageuka. Baadaye zilihamishiwa mchana, kisha asubuhi, na hazikupoteza watu kwa kuhamishwa. Katika miaka ya karibuni zimekusanya zaidi ya 30,000, wengine wakiwa wamevaa mavazi ya kuchekesha. Mwaka wa 2020 hazikufanyika kwa sababu ya ugonjwa wa korona, jambo ambalo hata Vita Kuu ya Pili haikuweza kufanya.

Angola jirani nayo ilipokea desturi hiyo kutoka kwa Wareno. Luanda hukimbia kila mwisho wa mwaka kwa jina hilohilo la Mtakatifu Silvesta.

Watu wa milima wanaingia

Kuanzia miaka ya 1990, jina la Kenya likawa la kawaida São Paulo. Simon Chemwoyo alishinda 1992 na 1993. Kisha akaja Paul Tergat, mtoto wa Baringo, aliyeshinda mara tano: 1995, 1996, 1998, 1999 na 2000. Kwa upande wa wanawake, Lydia Cheromei, naye wa Baringo, alishinda mara tatu.

Mbio hizo za kilometa 15 zina mlima mrefu karibu na mwisho, kwenye barabara ya Brigadeiro Luís Antônio. Hapo wengi huanza kutembea. Mtu aliyezoea kupanda kutoka bondeni hadi katikati ya mji wa Butembo, au kusukuma chukudu lenye mzigo wa ndizi, anaelewa bila kuelezwa. Mlima hauangalii viatu vya bei. Unaangalia ulivyotumia nguvu zako kabla ya kuufikia.

Tarehe 31 Desemba 2019 ilikuwa zamu ya vijana wawili wa nchi jirani: Jacob Kiplimo wa Uganda, kutoka upande wa mlima Elgon, na Kibiwott Kandie wa Kenya. Kiplimo alikuwa mbele hadi mita chache za mwisho. Kandie akaongeza mwendo na kumpita karibu kabisa na mstari. Alitumia dakika 42 na sekunde 59, akavunja rekodi ambayo Tergat alikuwa ameiweka mwaka wa 1995. Kiplimo alichelewa kwa sekunde moja. Kilometa 15 ziliamuliwa kwa hatua chache.

Nyuma yao walikuja maelfu ambao hakuna aliyewapima kwa sekunde. Hao ndio wanaoijaza sikukuu.

Kutoka kukimbia vita hadi kukimbia mbio

Kisa kilicho karibu zaidi na watu wa Beni na Butembo kilitokea Kenya, si Brazil.

Tegla Loroupe alizaliwa Pokot Magharibi, mahali ambapo jamii za wafugaji zimepigana kwa miaka mingi kwa ajili ya ng'ombe na malisho. Mwaka wa 1994 alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kushinda mbio ndefu za New York, na mwaka uliofuata akashinda tena. Mwaka wa 2003 alianzisha shirika la amani na kuandaa mbio huko Kapenguria. Ndani yake kulikuwa na mbio za kilometa 10 za wapiganaji wenyewe: Wapokot, Waturkana, Wakaramoja wa Uganda na wengine. Vijana waliokuwa wakitafutana kwa bunduki walisimama kwenye mstari mmoja, bega kwa bega, wakingoja amri ya kuanza.

Mbio hizo hazikumaliza wizi wa ng'ombe, na hakuna anayedai hivyo. Lakini mtu aliyekimbia kilometa 10 karibu na mwenzake, akasikia anavyohema, akanywa maji kwenye ndoo moja naye, anarudi nyumbani akiwa anajua sura yake. Kumpiga risasi mtu usiyemjua sura ni rahisi zaidi.

Kisha Loroupe akageukia kambi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka wa 1992 na imepokea watu wa mataifa mengi, wakiwemo maelfu ya Wakongomani. Ndani yake alikuwamo msichana wa Sudan Kusini, Rose Nathike Lokonyen. Alifika mwaka wa 2002 akiwa mtoto mdogo, familia yake ikiwa imekimbia vita. Wazazi waliporudi nyumbani mwaka wa 2008, yeye alibaki kambini kuwaangalia wadogo zake. Hakuwa na mwalimu wa michezo wala mpango wa mazoezi. Alikuwa akicheza mpira na wenzake, na kazi za nyumba zilikuwa zikimngoja.

Siku moja masomoni mwalimu alimwambia aingie mbio za kilometa 10. Aliingia bila kujua kama anaweza kumaliza. Akafika wa pili.

Mwaka wa 2015 watu wa Loroupe walifanya majaribio kambini, na wengine walikimbia miguu mitupu. Waliochaguliwa walipelekwa Ngong, karibu na Nairobi, kwa mazoezi. Mwaka wa 2016 wakimbiaji watano kutoka Kakuma walikwenda Rio de Janeiro, katika timu ya kwanza ya wakimbizi katika historia ya Olimpiki. Timu nzima ilikuwa na watu kumi, na aliyebeba bendera yao alikuwa Rose Lokonyen. Katika mbio za mita 800 hakupita duru ya kwanza. Mwaka wa 2021 alirudi tena, huko Tokyo, na akakimbia kwa haraka zaidi kuliko Rio.

Wawili kati ya hao kumi walikuwa Wakongomani, wote wa judo: Yolande Mabika na Popole Misenga. Misenga alizaliwa Bukavu. Vita vilipompokonya mama yake alikuwa na miaka tisa. Alikimbia, akakaa msituni siku nane kabla ya kuokotwa na kupelekwa Kinshasa. Huko alijifunza judo. Huko Rio alishinda pambano lake la kwanza, na uwanja mzima ukamshangilia.

Barabara ndiyo kila kitu

Historia hii yote inaonyesha kwamba mbio fupi ya sikukuu haihitaji mambo mengi. Buffalo walianza watu sita. Kakuma walianza bila viatu. Haidai uwanja, nyasi wala mashine. Inadai mstari wa kuanzia, mstari wa mwisho, saa, maji ya kunywa, na watu wa kusimama kando kushangilia. Butembo iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwenye hewa nyepesi kama ile inayotengeneza mapafu ya wakimbiaji wa Kenya na Uganda. Kwa upande wa milima, Mungu hakutunyima kitu.

Anayeanza anahitaji mashauri machache tu, na yote yametoka kwa waliotangulia. Asile kwa kujaza tumbo kabla ya kukimbia, ndugu yule wa Buffalo amekwisha kutufundisha. Asitoke kwa kasi ya mwizi kwenye kilometa ya kwanza, kwa sababu mlima unamngoja mbele. Akichoka atembee, kisha aendelee. Anayefika wa mwisho amekimbia umbali uleule na wa kwanza, tena kwa muda mrefu zaidi.

Kitu kimoja tu hakiwezi kukosekana, nacho ni barabara yenye usalama. Hapo ndipo uchungu wa Kivu ya Kaskazini unapoonekana. Barabara ya kitaifa namba 4 imezoea misafara inayosindikizwa na askari. Jimbo limewekwa chini ya utawala wa kijeshi tangu tarehe 6 Mei 2021. Kabla ya hapo, Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 ilikuwa imewafundisha watu kuogopa hata kusalimiana kwa mkono. Kukusanya watu 200 asubuhi ya tarehe 30 Juni au ya Bonane, wakimbie kilometa 5 na kurudi wote nyumbani, huku kwetu si jambo dogo. Linahitaji meya, polisi, jeshi, machifu wa kartie na waendesha pikipiki wakubaliane kwamba kwa saa moja barabara hii ni ya watu wa miguu.

Lakini saa hiyo moja ina thamani. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa 2014 ameikuta barabara kama mahali pa kukimbilia uhai. Akiiona siku moja imefungwa kwa ajili ya mchezo, wakubwa na wadogo, wenyeji na wahami wakipita pamoja bila mzigo kichwani, atakuwa amejifunza maana ya kwanza ya neno ambalo alilijua kwa maana yake ya pili tu.

Familia nyingi zilizohamishwa zinaishi Butembo na Beni kwa jamaa au katika nyumba za kupanga, zikingoja siku ya kurudi mashambani. Miguu iliyotembea kutoka Mbau, Kamango au Eringeti tayari imefanya safari ndefu kuliko mbio yoyote ya sikukuu. Haina la kuthibitisha kwa mtu. Kilichobaki ni kuipatia barabara ambayo mwisho wake ni mstari wa chaki, na upande wa pili wa mstari huo watu wanaopiga makofi.